Vumbi Mezani kwa Mshauri

Kila Jumanne saa nne asubuhi, mama mmoja, mpakiaji saruji mstaafu, aliegemeza simu yake kwenye birika, akakaa kitako kumsubiri mshauri. Miaka kumi na tisa alisimama kwenye mashine namba tatu akijaza mifuko, na sasa mapafu yake hayakutosha kumfikisha chooni bila kupumzika njiani. Kiwanda, kwa huruma zake, kilimpa mshauri wa mtandaoni wa kumfundisha kutulia.

Mshauri alikuwa kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alianza kwa swali lile lile: kutoka sifuri hadi kumi, hasira ya mama leo ni ngapi? Mama alisema kumi. Mshauri aliandika saba, maana kumi ilidai maelezo marefu kwenye fomu. Kisha akamweleza kwamba hasira hula pumzi. Mama akamjibu kwamba pumzi ililiwa na saruji, hasira ilikuta makombo tu.

Alimfundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Zoezi lilisaidia, jambo lililomuudhi mama zaidi. Kila alipotoa pumzi, saruji ilitoka kwenye kompyuta ya mshauri, ikatua mezani pake. Mshauri aliipangusa kwa kiganja, akaendelea. Wiki ya pili ilijaa sahani. Wiki ya tatu alikuja na ufagio, na kwenye fomu, sehemu ya maoni mengine, akaandika: vumbi.

Utulivu mama hakuutaka. Alitaka barakoa ya binti yake, ambaye sasa ndiye aliyesimama namba tatu, kitambaa kimefungwa puani. Aliiomba kila Jumanne, na ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Mshauri alisema wazungumzie yale yaliyo ndani ya uwezo wa mama.

"Mwanangu bado ana mapafu," mama alisema. "Andika hilo."

Akaandika: wasiwasi wa kifamilia.

Wiki ya sita mshauri alikohoa, kikohozi kifupi, kikavu. Mama alikitambua mara moja. Kilikuwa kile cha mwaka wa kwanza. Alifurahi, wala hakuona haya.

Jumanne iliyofuata mshauri alitokea amevaa barakoa nene yenye vichujio viwili, mpya kabisa. Mama akauliza aliisubiri muda gani.

"Nilisema Jumatano, mama. Alhamisi ikaletwa."

"Mkuki kwa nguruwe," mama alisema, wala hakumalizia. Alivuta kwa pua, akabana midomo, akaitoa miaka yote kumi na tisa. Vumbi likamfika mshauri kifuani. Akainua kompyuta juu kidogo, akauliza kama sasa mama anajisikia afadhali.

Jioni binti alirudi mweupe mpaka kope. Mama akamuuliza kama barakoa zimefika kiwandani. Binti alisema ndiyo, kasha zima, Alhamisi. Zamu yao ndiyo iliyolishusha garini na kulipeleka ofisini kwa mshauri. Kisha akakohoa, kifupi, kikavu, akaomba maji ya kunawa. Mama akammiminia.

Jumanne, saa nne, simu ikaegemezwa kwenye birika. Mshauri akauliza ni ngapi. Mama akasema kumi. Nyuma ya vichujio vyake, saruji ikiwa imemfika mabegani, mshauri akaandika saba.