Bega la Kushoto la Mama

Mchoraji wa mtaani kwetu tulimwita Bwana Pembe, kwa sababu watu aliowachora wote walikuwa na pembe: pua ya pembetatu, shavu la mraba, jicho moja kubwa kuliko lenzake. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Kwa hiyo mama aliposema anataka kuchorwa naye, nilikasirika waziwazi.

"Mama, twende kwa mpiga picha. Upate sura yako halisi, uione kabla..."

"Kabla sijapofuka. Sema tu, usimung'unye maneno. Picha zako hizo nikizitazama naona ukungu. Akili ni nywele, mwanangu, niachie na mimi zangu."

Mama alikuwa fundi cherehani. Siku ya kwanza Bwana Pembe alimkuta amevaa gauni la sherehe nililompigia pasi, akamwomba abadilishe, avae la kazini, akae kwenye cherehani yake. Hakushika hata brashi. Alichukua mfuko wa vipande vya vitambaa, akasimama mlangoni, akawa anainua kimoja kimoja.

"Hiki unakiona, mama?"

"Hicho cha njano, ndiyo."

"Na hiki?"

"Hicho cha kijivu kimenipotea."

Nikaona wanapiga soga tu. Nikaenda jikoni kuvurumisha masufuria. Siku zilizofuata alichora kutwa, akitazama zaidi mgongo na mikono kuliko uso.

Alipoifunua picha pale mlangoni, damu ilinichemka. Bega la kushoto, njano tupu, limeshuka kama mlango uliolegea bawaba. Mkono mwekundu, mkubwa kama sinia. Uso ni nusu nyeupe, nusu bluu, bila mkunjo hata mmoja.

"Huyu ni mama yangu au kabati?" nikafoka.

Bwana Pembe alikuwa akimwangalia mama, na jasho linamtoka.

Mama aliinamisha kichwa upande, kisha akapeleka mkono kwenye bega lake la kushoto, akalipapasa.

"Kumbe limeshuka hivi," alisema. "Cherehani imelivuta miaka yote. Na mkono ndio huu huu, mzito."

Nikatazama upya. Njano, nyekundu, nyeupe, bluu. Kijivu hakikuwapo hata tone. Tangu siku ile namvulia kofia mtu yule.

Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Mwanangu," alisema, "siku nyingi sijajiona."