Ng'ombe wa Gridi ya Taifa

Jioni moja ya mwezi wa Juni, Nyamizi alikuwa akikamua maziwa kwenye zizi lao kando ya kijiji cha Michenga, mumewe akiendelea kuwaita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Simu yake ilikuwa inakaribia kuzima, akaipachika nyuma ya nundu ya ng'ombe ili mikono yote miwili ipate kazi. Alipojaza ndoo, simu nayo ilikuwa imejaa chaji. Akaifuta vumbi, akampigia dada yake, wakazungumza habari za msiba hadi maziwa yakapoa.

Asubuhi alimweleza mumewe. Mashimba alichukua balbu ya pikipiki, akapima kundi zima nundu baada ya nundu, akimwita kila mmoja jina lake, akakuta kila ng'ombe ana umeme, isipokuwa ndama wanaonyonya, ambao waliweza kuwasha redio tu. Hakuona cha ajabu. Ng'ombe wale walikuwa wakilisha miaka yote chini ya nyaya kubwa zinazotoka kwenye bwawa la umeme kwenda mijini, na ng'ombe hula anachokikuta. Nyaya zenyewe zilipita juu ya kitongoji bila kushuka. Watu walizoea kuusikia umeme ukivuma juu ya mapaa yao huku wao wakitafuta kibiriti.

Lililomnyima Mashimba usingizi lilikuwa jambo jingine. Kamati ya Kuokoa Bonde ilikuwa imetangaza kwamba mpunga ukishavunwa, wafugaji wote waondoke. Mashimba alikuwa amehama mno maishani mwake. Ng'ombe wake aliwapa majina ya mahali walipozaliwa wao au mama zao, na akiwaita jioni ilikuwa kama kusikiliza kondakta wa basi: Maswa, Igunga, Rukwa, Usangu. Ndama wa mwisho aliitwa Michenga. Mashimba alikuwa amechoka kutafuta majina.

Wa kwanza kuja na waya mkononi alikuwa Fulgensi, katekista wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, Mpogoro mwenyeji wa bonde aliyelima mpunga ng'ambo ya mfereji. Kwa miaka mingi hakuwa amezungumza na Mashimba ila mbele ya baraza la usuluhishi. Alisimama mlangoni pa zizi jua likizama, akasema, "Mwangaluka," ambayo ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi. Mashimba akaitikia vivyo hivyo. Mgeni akikosea salamu, hasahihishwi.

"Nasikia una dume anaweza kuwasha kinanda cha kwaya," Fulgensi akasema.

"Yupo. Ndiye yule aliyekula mpunga wako."

"Namjua. Nilimshtaki."

"Basi mmeshafahamiana," Mashimba akasema, akafungua zizi.

Jumapili hiyo yule dume, Usangu, alihudhuria ibada akiwa amesimama dirishani, waya umefungwa kwenye nundu, na kwaya ikaimba bila jenereta. Dume alilia wakati wa mahubiri tu, na hakuwa peke yake aliyechoka. Digna, nesi wa zahanati, akamwomba Igunga kwa ajili ya friji la chanjo. Igunga akakaa barazani pamoja na kina mama wajawazito, akala bango la lishe bora. Rukwa akapelekwa kwenye mashine ya kukoboa. Watu waliokuwa wakiwafukuza ng'ombe kwa fimbo na matusi sasa waliwawekea pumba na kuwauliza wameamkaje. Ilikuwa furaha ya kweli, na Nyamizi, ambaye hapo kijijini alizoea kuteka maji akiwa peke yake, sasa alichelewa kisimani kwa maongezi.

Sharti lilikuwa moja. Umeme haukutoka mpaka ng'ombe aitwe jina lake na Mashimba, kwa ile sauti ya kuwarudisha zizini. Wengine walijaribu, ng'ombe wakawatazama kama wanavyotazamwa wanasiasa. Kwa hiyo Mashimba alishinda akizunguka, kutoka kigangoni hadi zahanati hadi mashineni, akiita. Watu wakawa wanasema waziwazi kwamba Kamati ikija, huyu haondoki.

Siku hizo, Ifakara mjini, ilifanyika warsha ya kuanzisha viwanda vya taifa vya kuhifadhi nishati. Umeme ulikatika kwenye slaidi ya kwanza. Mwenye ukumbi, mtu wa vitendo, akatuma gari Michenga. Mashimba akaja na Maswa, wakamfunga kati ya projekta na meza ya chai, na warsha ikaendelea. Mhandisi Egidius, mkuu wa mradi, alieleza kwa kirefu kwamba tatizo la nchi ni kukosa mahali pa kuutunza umeme. Ilipofika zamu ya maswali, ndipo alipouliza projekta imechomekwa wapi.

Mradi haukukawia. Uzio ukajengwa chini ya zile nyaya kubwa, nundu zikaunganishwa na gridi, na Egidius akaja kwenye mkutano wa kijiji kutoa taarifa. Ng'ombe hawa, alisema, sasa ni miundombinu ya kimkakati. Hawawezi kuhamishwa bondeni, kupigwa, wala kuchinjwa. Watu wakapiga makofi, na Mashimba akapiga kuliko wote.

"Na sisi wenyewe je, mheshimiwa?" akauliza.

"Wewe, mzee wangu, ni mfugaji," Egidius akajibu kwa adabu. "Wafugaji wanashughulikiwa na Kamati."

Fulgensi akasimama. "Mhandisi, bila huyu hawatoi kitu. Wanamsikia yeye tu."

"Hilo tumeliona, katekista. Ndiyo maana juzi tukamrekodi."

Ni kweli walikuwa wamemrekodi. Walimwomba ayataje majina yote kwenye kinasa sauti, naye akayaita kwa moyo, akidhani atasikika redioni.

"Na taa za hapa kijijini?" Fulgensi akauliza.

"Mpo kwenye awamu inayofuata," Egidius akasema, akashukuru kwa mapokezi.

Uzio haukufika upande wa shamba la Fulgensi. Ng'ombe wakaingia kwenye mpunga wake uliobaki, naye akasimama pembeni akiwaomba watoke, maana kuchapa miundombinu ni kosa la jinai. Mwisho akaacha kuomba. Alikwenda kumsaidia Mashimba kupakia kitanda kwenye lori.

Mashimba na Nyamizi waliondoka jioni. Kwa mujibu wa kibali cha Kamati, mwenye sauti hakuruhusiwa kubaki bondeni, ila sauti iliruhusiwa. Walipopita karibu na uzio, kipaza sauti kikawashwa, na Mashimba akasikika akiita Maswa, Igunga, Rukwa, Usangu. Ng'ombe wakainua vichwa. Nyaya zikavuma kuelekea mijini, juu ya mapaa ambako watu walikuwa wanawasha vibatari. Kisha sauti ikakohoa, kikohozi kirefu cha kifua, maana siku ya kurekodi kulikuwa na vumbi. Mafundi hawakuthubutu kukifuta. Hawakuwa na hakika kama nacho hakitoi umeme.

"Pole," Nyamizi akasema, akiuelekea uzio.

"Asante," akajibu Mashimba, aliyekuwa ameketi ubavuni pake juu ya gunia.