Mgeni Aliyefumba Macho

Kabla jogoo hajawika nilisikia kitu kinatafuna sebuleni. Ti-ti-ti, kinanyamaza, ti-ti-ti tena. Nikajua panya ameingia kwenye gunia la maharage. Nikachukua ufagio, nikanyata, nikauinua juu. Kumbe ni Nadine, mjukuu wangu, amejifunika shuka kichwani anabonyeza kompyuta yake.

"Bibi! Unataka kuniua siku ya mtihani?"

"Nilidhani ni panya. Ila panya ana akili, yeye hutafuna kinacholiwa."

Nikaenda kumchemshia uji.

Nadine anafundisha kemia sekondari kule Kasulu, na huku anasoma shahada ya pili. Likizo hii alikuja kwangu Kibondo. Msimamizi wake wa chuo, Daktari Ghati, alikuwa Kasulu kumwona dada yake aliyejifungua, akapiga simu kwamba akiwa njiani kurudi kwao Tarime atapita hapa amsikilize. Akiridhika, Nadine anakwenda kutetea kazi yake mwezi ujao. Asiporidhika, anarudia mwaka, na mkuu wa shule alikwisha sema ruhusa nyingine hampi.

Kulipopambazuka akaingia jirani yangu Stanislaus na meza kichwani. Hakuna aliyemwomba. Jana alipita, akaiona yangu inavyoyumba, akaenda zake. Ndivyo alivyo: mkono wake ni mwema, mdomo wake ndio wa kuvumilia.

"Haya mwalimu," akamwambia Nadine akiitua, "huyo mama anakuja kukuuliza nini?"

"Babu, kuna vitu vidogo sana vinaitwa molekuli. Ukiipaka moja rangi inayong'aa, ukaitazama kwa darubini, utaona inawaka, inazima, inawaka, inazima. Mimi naona huo mwanga tu. Inachofanya ndani yake sikioni. Na ikizima, huenda kuna giza la aina mbili: moja ni kusinzia kidogo, jingine ni usingizi hasa. Kwa nje ni giza lilelile. Kazi yangu ni kujua zimejificha hali ngapi."

"Na hiyo molekuli yenyewe iko wapi?" Stanislaus akainama kuchungulia nyuma ya kompyuta.

"Haipo. Hii ni ya kuigiza. Daktari Ghati aliipa kompyuta kanuni, ikatunga huo mwanga. Idadi ya hali anaijua yeye tu. Mimi nizitafute."

Stanislaus akakaa kwanza. "Yebabawe! Kwa hiyo mtu mzima anaficha kitu ambacho hakipo, na mtu mzima mwingine anakitafuta?"

"Babu, ukinunua mizani mpya hupimi kwanza kitu unachojua uzito wake? Njia yangu ndiyo mizani. Nikiikosea hapa penye jibu, nani ataniamini kwenye molekuli ya kweli?"

"Sasa hali ni ngapi?"

Nikamwona Nadine anauma ukucha, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Tatu naziona. Lakini kompyuta inanivuta niseme nne, inadai nne zinakaa vizuri kidogo zaidi. Shida ni kwamba ukiiachia itataka hata kumi. Kila mtikisiko itaupa jina."

"Kama dada yangu Kezia wa Munanila," nikasema. "Mtoto akikohoa, ni ugonjwa huu. Akipiga chafya, ni ule. Mtoto mmoja, magonjwa kumi na mawili, na anacheza mpira."

Nadine akacheka, nikafurahi, maana tangu juzi hakuwa amecheka.

Daktari Ghati alifika jua likiwa utosini. Mwanamke mrefu, macho mekundu ya safari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, karibu ukae."

Kwetu mgeni haulizwi neno wala hasomewi chochote kabla hajala. Alikula ugali wa muhogo kwa sombe, kisamvu chetu, na kuku, akaongeza, akaongeza tena. Kisha nikamwona akisogeza kiti chake taratibu mpaka kivuli chake kikaangukia kompyuta, ili Nadine asisumbuliwe na jua lililoingia mlangoni. Nikamwekea alama moyoni: huyu ni mtu.

Nadine akaanza. Daktari akafumba macho. Kidogo akafumbua, akauliza swali lenye meno. Nadine akajibu. Akafumba tena, akafumbua, swali jingine. Stanislaus alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mara, kana kwamba majibu yote anayajua.

Halafu Nadine akafika penyewe, pale pa kusema ni hali ngapi. Daktari akafumba macho, na safari hii hakuyafumbua.

Mimi nimelea watoto na wajukuu. Najua uso wa mtu aliyechoka. Na mgeni akisinzia nyumbani kwako amekupa heshima. Amejiona yuko kwao. Nikainuka, nikamfunika kitenge mabegani, nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha Nadine.

"Bibi!" akanong'ona, macho yamemtoka. "Ananisikiliza!"

"Amelala."

"Anafikiri! Ndivyo anavyofikiri!"

"Anayefikiri hakoromi," Stanislaus akanong'ona.

"Hajakoroma, babu!"

"Anajiandaa."

Kuku wakaanza kugombana mlangoni. Stanislaus akaenda kuwafukuza kwa kunyata, akajikwaa kwenye ndoo, ndoo ikabingirika mpaka uani na kuku wote wakapiga kelele. Daktari hakutikisika. Nadine akajishika kichwa. Tukakaa sisi watatu, tukimtazama mtu mmoja kama wanaosubiri maziwa yachemke.

Kivuli kilikuwa kimeshahama Daktari alipofumbua macho. Akakigusa kitenge, akakitazama. Uso wake haukucheka.

"Nadine. Nimelala tangu lini?"

"Sijui, mwalimu."

"Sema hata lolote!" Stanislaus akamnong'oneza, ila sauti yake ya kunong'ona inafika barabarani.

Nadine akamtazama Daktari. "Zile mara za kwanza ulifumba kidogo tu, ukarudi na swali. Hii ya mwisho imezidi mno urefu, haiwezi kuwa kufikiri kama kule. Kwa hiyo nasema kuna kufumba kwa aina mbili, ingawa hii ndefu nimeiona mara moja tu, siwezi kuiapia. Na huenda ulianza kwa kufikiri, ukaishia kulala. Mpaka wake siwezi kuuonyesha, kwa sababu uso ulikuwa uleule."

"Na kwenye data zangu?"

"Huko giza nimeliona mara nyingi sana. Mafupi ni mengi, na marefu nayo ni mengi kupita kiasi. Giza la aina moja haliwezi kuzaa yote hayo. Kwa hiyo ni tatu: mwanga, giza fupi, giza refu. Kompyuta inataka na ya nne. Lakini nilitunga data zangu mwenyewe zenye tatu tu, na bado mara nyingine ilidai nne. Hiyo ya nne siwezi kuisimamia, mwalimu. Kama ipo, data hizi hazitoshi kuionyesha."

Daktari akafumba macho.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitenge, kilikuwa kimemteleza begani. Nikaurudisha. Nikaukalia.

"Niliweka nne," akasema, macho bado yamefumba.

Nadine akalegea mabega. Nilitamani kumshika.

"Lakini mbili nilizifananisha makusudi. Kwa data chache kama zile hata mimi niliyeziweka nisingezitenganisha. Nilitaka kujua kama utaniletea usichokiona ili kunifurahisha." Akafumbua macho, na sasa akacheka. "Jiandae, mwezi ujao unatetea. Na mzee, nilisikia ukisema najiandaa kukoroma. Kwa hiyo hapo nilikuwa macho. Nilikuwa nafikiri. Kitenge ndicho kilichoniangusha."

"Ndoo hukuisikia?" Stanislaus akauliza.

"Ndoo gani?"

Stanislaus akageukia kwangu. "Yaani binti amekosa, na amefaulu?"

"Amefaulu, baba," Daktari akamjibu.

"Chuo kama hicho hata mimi ningemaliza."

Nadine alikuwa amenikumbatia kwa nyuma, analia na kucheka. Daktari akajifanya anatafuta funguo za gari mpaka Nadine alipojifuta uso. Hilo nalo nililiona.

Tukamsindikiza barabarani. Alituambia kule Kasulu hakulala kabisa, mtoto wa dada yake analia mpaka asubuhi, na saa ile ya kwetu ndiyo mapumziko yake ya kwanza wiki hii. Nikamwekea maparachichi kwenye kiti cha nyuma, nikaushika mkono wake kupitia dirishani.

"Rudi ututembelee tena, mwanangu," nikamwambia. "Njoo siku ambayo huna mtu wa kumpima. Njoo ulale tu."