Rafiki wa Siri wa Mama Kigen

Ukitaka kumwona Cheruto amejaa raha hadi pomoni, mtafute Jumapili wakati wa matangazo. Mwanamke huyu, ambaye kanisa zima humwita Mama Kigen, ndiye katibu wa shughuli za akina mama katika kanisa moja la mabati ya bluu pale Section 58, Nakuru, na mbele yake hakuna shughuli ndogo. Hata kufagia ua wa kanisa hutangaza kwa sauti ya kutangaza arusi.

"Akina mama, Jumamosi hii tunatembelea wagonjwa. Ile ingine tunafundishana kutengeneza sabuni. Ile ingine tena tunafunga na kuomba, kwa hivyo msikuje na mandazi kwa mikoba. Mnajijua!"

Watu hucheka, naye akiona wanacheka huongeza tangazo ambalo halikuwepo.

Mwaka huu alikuja na jambo jipya: mchezo wa rafiki wa siri. Kila mama angeokota kutoka kwenye bakuli karatasi yenye jina la mwenzake, awe akimwombea bila kumwambia, na kila Jumapili amtilie zawadi ndogo katika kapu lililowekwa mlangoni mwa kanisa, pamoja na kikadi chenye neno la kumtia moyo. Mwisho wa mchezo wangefunga safari ya Olkaria, wapike, waimbe, na huko kila mmoja ajifichue mbele ya wote.

"Na mtu akiokota jina yake mwenyewe?" aliuliza Awuor, yaani Mama Shantel, mwenyekiti wa akina mama. Huyu alikuwa na sauti nene na maswali ya kuudhi, na kilichoudhi zaidi ni kwamba maswali yenyewe kwa kawaida yalikuwa ya maana.

"Anarudisha, anaokota ingine."

"Na akiwa ndiye wa mwisho?"

"Haiwezekani," alisema Cheruto. "Nimeipangia."

Hakuwa ameipangia chochote. Bakuli likazunguka, na kwa kuwa mshika bakuli alikuwa yeye, yeye ndiye aliyeokota wa mwisho. Akaikunjua karatasi yake kwa madaha yote ya katibu, akasoma: Cheruto. Tena kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema, "Jameni, turudie." Cheruto alifungua mdomo kweli. Lakini akina mama walikuwa wameshatawanyika, wengine wamesunda karatasi zao kifuani, na Mama Shantel alikuwa amesimama palepale akimkazia macho.

"Vipi, Mama Kigen? Umepata mtu mzuri?"

"Mzuri sana," alisema Cheruto, na mdomo ukamponza zaidi. "Mtu wa Mungu kabisa."

Basi Jumapili ya kwanza, ili asionekane hana rafiki, alijitilia kitambaa cha mkono kapuni. Alifikiri mambo yangeishia hapo. Hakujua akina mama wangetoka nje ya kanisa na kuanza kulinganisha. Huyu alipata vikombe, yule alipata mafuta ya kujipaka na sabuni ya harufu, na wote wakageuka kukitazama kitambaa cha Cheruto kwa huruma.

"Woiye," alisema Chepkemboi, mwanamke mpole asiyekuwa na nia mbaya na mtu yeyote. "Huyo wako ana mkono wa birika."

"Labda hana pesa," alisema Cheruto.

"Ama labda hakupendi," alisema Mama Shantel.

Maneno hayo yalimchoma. Alitaka kumtetea rafiki yake wa siri kwa nguvu zote, na angefanya hivyo kama rafiki mwenyewe hangekuwa yeye. Jumapili iliyofuata akajitilia chupa ya chai, ile kubwa yenye maua. Iliyofuata, blanketi. Akina mama wakaanza kuguna kwa wivu, naye akaanza kutembea akiwa ameinua shingo. Vikadi aliviandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko wake usijulikane, na Mama Shantel alivisoma kwa sauti mbele ya wote: "Wewe ni nguzo ya kanisa hili." Kisha: "Matangazo yako hunitoa machozi."

Kadi ya blanketi ilikuwa imeandikwa: "Unapendeza sana ukivaa kijani."

Hiyo aliiandika akiwa peke yake jikoni, na alipomaliza alikaa akiitazama muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amwambie neno kama hilo. Aliona haya kujiambia mwenyewe, lakini pia liliingia mahali pake vizuri.

Mboga ziliungua. Na kadi, siku ilipofika, ilisomwa na Kosgei.

Kosgei ni mumewe. Huziba pancha za malori kule Salgaa, ana maneno machache, na tangu wamejuana hajawahi kumnunulia mkewe kitu kisicholiwa wala kufungwa kwa spana. Alilikuta blanketi kitandani, akaikuta na kadi, akaisoma, kisha akairudia.

"Nani huyu?"

"Rafiki wa siri. Ni mchezo wa akina mama, Baba Kigen."

"Kapu inakaa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango ya watu wote?"

"Eeh, lakini..."

"Hii si mwandiko ya mwanamke," alisema Kosgei. "Angalia vile imelala. Hii ni mwanaume, tena mlevi."

Cheruto alitaka kuutetea mwandiko wake. Angesema nini? Kwamba mwanaume huyo mlevi ni yeye? Alizima jiko, akaenda kuwapa kuku chakula walichokuwa wameshakula.

Jumapili iliyofuata Kosgei, ambaye alijulikana kanisani kwa Krismasi na matanga tu, alitangulia kufika. Akachukua kiti, akakiweka mlangoni kando ya kapu, akaketi na kukunja mikono. Akina mama walipomwona walipiga vigelegele. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa kondoo aliyerudi. Mama Shantel alimshika Cheruto mabega, akamtikisa.

"Nyasaye! Mungu wangu! Si unaona? Hii ni maombi ya huyo rafiki wako wa siri!"

Cheruto alitabasamu kwa meno yote. Mkobani alikuwa na mwavuli aliokusudia kujitilia, na hakukuwa na namna ya kulifikia kapu bila kupita mbele ya magoti ya mumewe. Alijaribu wakati wa sifa, akajaribu wakati wa sadaka. Kila akisogea Kosgei alimtazama, na kila akitazamwa alijifanya anaenda msalani. Mwisho akakata tamaa, akaketi na mwavuli wake mapajani akingoja aibu. Leo jina lake halingeitwa, na Mama Shantel angeuliza swali.

"Mama Kigen!" aliita mgawa zawadi.

Cheruto aliruka kama aliyemwagiwa maji. Aliletewa furushi zito lililofungwa kwa gazeti na kukazwa kwa utepe wa mpira mweusi. Ndani yake mlikuwa na gambuti mpya, viatu virefu vya mpira, namba tisa, na kadi yenye maneno matatu tu: "Matope ni mengi."

Akaisoma kadi mara ya pili. Hizi hakuzitia yeye. Basi kuna mtu aliyejua! Mtu aliyekuwa akimcheka chinichini, aliyempa viatu vikubwa ili kumwambia kwamba amejitia makubwa, na matope yenyewe ni yale atakayopakwa kule Olkaria. Akainua macho, akamwona Mama Shantel akimtazama. Nani mwingine, kama si huyo?

"Amenipita hapa hapa!" Kosgei alilalamika njiani kwenda nyumbani. "Mimi nimekaa na macho wazi, na amenipita!"

Lakini mvua ilikuwa ikinyesha Nakuru wiki hizo kana kwamba imelipwa, na kesho yake Cheruto alivaa soksi mbili mbili, akaingiza miguu ndani ya gambuti zile, akaenda kuchukua maziwa. Alirudi miguu mikavu. Zilimpwaya, zilipiga kwap kwap kila hatua, na hata hivyo alizipenda mno. Katika zawadi zote, hiyo ndiyo pekee aliyopewa bila kujua, na hata kama ilitoka kwa adui, adui huyo alikuwa ameona matope yake. Akawa anazivaa hata siku ya jua.

"Zinakutosha?" Kosgei alimuuliza asubuhi moja.

"Kabisa."

"Umezipenda kuliko blanketi?"

"Kuliko vyote."

Kosgei akaguna, akaenda zake Salgaa.

Siku ya Olkaria ikafika, na aliyeitangaza kwa kelele zote alikuwa Cheruto mwenyewe, maana matangazo ni matangazo. Hakulala vizuri. Alifikiria kuugua, akakumbuka kwamba chapati zote ziko kwake. Kisha Kosgei akatangaza kwamba naye anakwenda, kubeba sufuria. Akina mama walifurahi sana, kwa sababu sufuria zilikuwa kubwa. Hivyo katika msafara mzima wanaume walikuwa wawili: Kosgei, na Gedion, kijana mpiga kinanda, aliyeletwa kusimamia spika. Gedion alikuwa amevaa shati la kijani. Kosgei aliliona shati hilo kabla basi halijaondoka, na hakuliondolea macho hadi walipofika.

Walitandika leso mahali palipokuwa na nyasi. Mvuke ulipanda kutoka mabomba ya umeme wa mvuke wa ardhini upande wa pili wa kilima, na kila harufu ya yai bovu ilipotoka ardhini, akina mama walitazamana kuona nani amekosa adabu. Wakaimba, wakala pilau, wakala chapati. Ndipo Mama Shantel akashika kipaza sauti.

"Sasa tufichuane! Nikiita jina, rafiki wake asimame amkumbatie."

Ilikuwa raha tupu. Chepkemboi alikumbatiwa hadi kilemba kikaanguka. Wengine walilia. Cheruto alipiga makofi kwa kila mtu, na gambuti zake, ambazo alikuwa amezivaa siku hiyo ili apate moyo, zilimchoma kwa jua.

"Na sasa, yule tumengoja wote! Mwenye blanketi! Mwenye chupa ya chai! Rafiki wa siri wa Mama Kigen, simama!"

Akina mama wakageuza vichwa huku na huku.

"Simama, dada, usione haya!"

Ndipo Gedion akasimama. Maskini wa Mungu, alikuwa ameona waya wa spika umechomoka. Hakupata hata kuufikia, maana Kosgei alikuwa ameshafika na mwiko wa pilau mkononi.

"Kumbe ni wewe!"

"Mzee, nini?"

"Unaandikia bibi yangu kijani, na wewe mwenyewe umevaa kijani!"

"Mzee, haki ya nani, mimi nashika waya tu!"

Gedion akakimbilia nyuma ya sufuria, Kosgei akamfuata, wali ukiruka kutoka kwenye mwiko. Akina mama walipiga mayowe. Wakazunguka sufuria mara kadhaa, mmoja akiapa, mwingine akihema, na Cheruto akaona sasa mwana wa watu atapigwa kwa ajili ya kitambaa cha mkono.

"Mwache!" alipaza sauti. "Ni mimi!"

Wote wakasimama.

"Rafiki wangu wa siri ni mimi. Niliokota jina langu. Niliona haya kusema. Kitambaa ni mimi, chupa ni mimi, blanketi ni mimi. Na hiyo ya kijani," akamgeukia Kosgei, "hiyo pia nilijiandikia. Na mkono wa kushoto."

Mama Shantel akainua mikono yote miwili juu.

"Si niliuliza? Si mimi niliuliza mbele ya watu wote!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi chini, na akina mama wote wakaanguka naye, mmoja baada ya mwingine. Gedion alicheka akiwa bado nyuma ya sufuria, kwa tahadhari. Cheruto alisimama akitokwa na machozi, hajui kama anacheka au analia. Mama Shantel akamvuta chini, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mjinga wewe. Ungeniambia tu, ningekununulia hata mimi. Si hii kanisa nzima inakupenda?" Akajifuta macho. "Lakini gambuti ulijinunulia za nini, namba kubwa hivyo?"

"Gambuti si mimi," alisema Cheruto. "Si ni wewe?"

"Mimi? Namba tisa? Kwani mimi ni kipofu?"

Kicheko kikapungua. Akina mama wakaulizana kwa macho. Upande wa sufuria mtu akakohoa.

"Hizo ni zangu," alisema Kosgei.

Alikuwa bado na mwiko, na hakujua pa kuuweka. "Huyo mtu alikuwa anakupea vitu," alisema, akiutazama mwiko. "Nikasema na mimi niweke, nione kama utapenda zangu kuliko zake. Unatembeanga kwa matope kila siku, na viatu zimepasuka." Akazielekezea gambuti mwiko. "Namba sikujua. Nikapima na mguu yangu."

Chepkemboi alianza kulia tena, na safari hii hakuwa peke yake. Kosgei aliuweka mwiko chini hatimaye. Akamjia mkewe, akamtazama kuanzia kilembani hadi kwenye gambuti, akazitazama soksi mbili mbili zilizochungulia juu yake.

"Mama Kigen," alisema polepole, "kwani wewe unavaa namba ngapi?"

Cheruto aliinama, akazivuta soksi juu vizuri.

"Hii hii," alisema.