Hewa katika Breki ya Ramathan

Tangu Ramathan afariki kwa homa, baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni pale Koboko, na hakuna aliyeigusa. Leo ilikuwa iondoke. Rafiki yake, Adriko, alikuwa amekuja kutoka Aroi kuichukua, kama marehemu alivyousia.

Lakini breki ya mbele ilikuwa imelegea. Si breki ya waya hiyo, ni ya mafuta, na mafuta yakiingiwa na hewa, utabana mpaka uchoke, baiskeli haisimami.

Shamim, dada wa marehemu, alichuchumaa kwenye gurudumu na spana yake. Mama yao, Medina, akashika mkono wa breki. Kazi hiyo aliijua. Ramathan hakuwa akimwita mtu mwingine kumshikia.

"Bana, mama."

Akabana. Shamim akalegeza nati, mafuta meusi yakatoka na mapovu yake.

"Shikilia, nifunge kwanza."

Medina akaachia. Hewa ikafyonzwa ndani, kama mtoto anayenyonya.

"Mama! Tunaanza upya."

"Vidole vya uzee, mwanangu."

Mara ya pili ikawa vile vile. Na ya tatu.

Adriko, kikombe cha chai mkononi, akacheka. "Mama Ramathan, hii breki iko na jini! Niende Oraba, niombe mafuta ya breki kwa madereva wa malori?"

"Ya malori yatakula mipira ya ndani, wewe!" Shamim alifoka. "Unataka kufa?"

Neno lilishatoka. Kicheko cha Adriko kikakatika.

Medina aliitazama chupa ya mafuta. Yalibaki mafuta kidogo tu. Yakiisha, mengine ni ya kuagiza Kampala, na baiskeli ingelala hapa hapa ukutani.

Shamim akainua macho, akavitazama vidole vya mama yake. Havikutetemeka hata kidogo. Hakumkemea.

"Mama," alisema taratibu, "atateremka vilima na hii."

Medina akamgeukia Adriko, shingo yake nyembamba, shati lake lililopigwa pasi vizuri. Huko Aroi kulikuwa na mama aliyelipiga pasi.

"Bana, mama," Shamim alisema.

Akabana. Mapovu yakatoka, kisha mafuta safi matupu.

"Nimefunga. Achia."

Mkono wa breki ulikuwa mgumu sasa, ukivisukuma vidole vyake. Shamim akafuta nati, akakusanya vifaa. Adriko akaweka kikombe chini, akasimama.

"Achia, mama. Imekwisha."

Medina alikuwa bado ameshikilia.