Hewa Inakimbilia Juu

Ruben alipohamia Ubelgiji kwa binti yake Plamedie, alimwachia Aruna funguo za banda, daftari la michoro, na ndege ambayo injini yake ilichemka kila ilipowashwa.

Walikuwa wameijenga pamoja kwa miaka kumi na mmoja, kwenye shamba la Aruna huko Annexe, pembezoni mwa mji. Ruben, mhandisi mstaafu mwenye asili ya Kasai, ndiye aliyejua kurusha ndege. Aruna alikuwa fundi wa mabati, kama baba yake na babu yake waliotoka Maniema. Injini waliitoa kwenye gari la Kijapani lililopata ajali. Haikuwa na pistoni. Ndani yake ilizunguka rota yenye pembe tatu. Ilikuwa nyepesi na yenye nguvu, lakini joto lake halikuwa na mfano. Dakika sita tu, na kipimo cha joto la maji kilifika digrii mia moja na kumi na nane.

"Tuongeze tundu la hewa," Ruben alisema wiki chache kabla ya safari. Wakaliongeza. Haikusaidia. Kisha akaondoka.

Kwa miezi minne Aruna hakufungua banda. Mke wake alishafariki, watoto wake walikuwa Kolwezi, na siku nyingine jua lilizama bila yeye kusema neno zaidi ya salamu. Mwezi wa Julai, katikati ya baridi na vumbi jekundu, alichoka na ukimya huo, akachukua funguo.

Alitaka kujua hewa inapita wapi. Alibandika vipande vya nyuzi nyekundu za sufu mbele ya radiateri, kile kipozeo cha maji ya injini, na kuzunguka kingo zake, akakata dirisha ubavuni mwa kifuniko cha injini na kuliziba kwa plastiki ang'avu. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba kazi iliyobaki ni ya watu wawili. Mmoja akae kwenye usukani, mwingine aangalie nyuzi. Alikaa juu ya kreti na chupa ya gundi mkononi, hadi gundi ikamkaukia vidoleni.

Mwishowe alikwenda kwa jirani yake Clotilde, aliyekuwa akianika mihogo. Miaka yote walikuwa wakisalimiana tu kando ya ua.

"Mama Clotilde, naomba macho yako, dakika tano."

"Macho yangu? Ya kufanya nini, baba Aruna?"

"Kuangalia nyuzi."

Alicheka, lakini akajifuta mikono na kumfuata.

Aruna alizuia magurudumu kwa mawe na kufunga mkia kwenye mparachichi. Akachora mstari wa majivu ardhini, mbali na propela. "Usipite hapa, hata nikikuita."

Injini ilinguruma, vumbi likaruka. Alipoizima, Clotilde alikuwa bado ameinama, akitazama kile kidirisha.

"Umeona nini?"

"Ile ya katikati iko inalala tu. Haitikisike hata. Lakini ile ya juu, ya pembeni, iko inakimbia!"

"Inakimbilia wapi?"

"Inaingia mu ile nafasi ku juu ya radiateri. Inaenda ku nyuma."

Aruna akaelewa. Yeye na Ruben walikuwa wamepanua mlango wa hewa tu, na hewa ilikuwa ikipita juu ya radiateri bila kuigusa.

Siku kumi alikata na kukunja bati la alumini. Alitengeneza njia ya hewa iliyoanza nyembamba na kupanuka polepole hadi kuenea uso wote wa radiateri. Kingo aliziba kwa mpira wa ndani wa tairi. Chini, hewa ya moto inapotokea, alipanua mdomo. Alipowasha tena, Clotilde akiwa nyuma ya mstari, kipimo kilipanda hadi digrii tisini kikasimama hapo. Dakika ishirini nzima.

"Zote ziko zinatikisika!" Clotilde alipiga makofi, kisha akatazama jua. "Niache niende, mihogo yangu inaningojea."

Aruna alibaki peke yake na furaha yake. Alimtumia Ruben ujumbe wa sauti, pamoja na mngurumo wa injini. Jibu lilifika Ijumaa, Aruna akiwa anatoka msikitini, viatu bado mkononi.

"Aruna, ndugu yangu, nimesikiliza mara tatu. Bravo. Lakini muganga wa hospitali ameangalia moyo wangu. Amenikataza ndege, hata kusafiri. Sitarudi tena. Tafuta muntu mwingine wa kuirusha."

Aruna aliandika maneno mengi, akayafuta. Alituma mawili tu: "Pona, ndugu."

Kesho yake aliisukuma ndege hadi kwenye barabara ya vumbi kati ya mashamba, akaiendesha ardhini hadi mwisho. Mwendo ulipozidi, pua iliinuka kidogo, na mwili wote wa ndege ukawa mwepesi. Akapunguza mafuta haraka. Kazi ya bati aliijua. Ya angani hakuijua. Kipimo kilisoma tisini. Akageuza, akarudi polepole, akiwapita wanawake waliosimama na majembe kumtazama.

Bandani alizima injini. Bati lilitoa milio midogo likipoa. Aliweka kiganja juu ya kifuniko na kukiacha hapo, joto likipungua kidogo kidogo, hadi bati likawa baridi kama hewa ya nje.