Fremu Zilizoogopa Chumvi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na shemeji yangu Gildo, mume wa dada yangu, alikuwa amejitembeza kwenye karakana yetu ya miwani hapa Cadore, milimani Italia, wiki nzima, kila siku na keki mkononi. Mtu mbahili kama yule! Keki zile zilinikaa kooni.

"Nives, shemeji, hebu tazama," alisema, akiinua fremu ya miwani dirishani. Ilikuwa angavu kama maji ya kijito. "Ni plastiki ya pamba, ile ile yenu, ila tumeichanganya na nyingine. Haivunjiki, haigeuki manjano. Mzee apige muhuri wake tu."

Muhuri wa baba, Ottorino, hupigwa kwenye mikono ya miwani tuliyoichonga wenyewe, na wauza miwani wa bonde zima huuamini bila kuuliza. Gildo alitaka upigwe kwenye fremu za kiwanda chake. Macho ya baba yamedhoofika, naye anampenda mkwe wake kupita kiasi. Alikuwa ameshautoa sandukuni.

Niliikwaruza fremu kwa tupa, nikanusa. Harufu ya siki ilikuwepo, kama inavyopaswa kwa plastiki ya pamba. Bado sikuridhika. Mbona Gildo huleta fremu zilizokwisha kupindwa, wala si bamba la plastiki tukalipinda wenyewe? Tena kila nilipowasha beseni la chumvi ya moto, lile la kulainishia mikono ya miwani ikae vizuri sikioni, ghafla alikumbuka kahawa, na fremu ikaingia mfukoni.

"Baba, subiri," nikasema. "Niilainishe kwanza."

"Ya nini? Imeshakaa sawa!" Gildo akadakia.

"Unaogopa chumvi, shemeji? Kwani wewe konokono?"

Baba akacheka. Nikaitumbukiza. Nilipoitoa ilikuwa nyeupe kama maziwa.

"Itarudi! Ngoja ipoe!" Gildo akaipeperusha hewani. Na kweli, polepole ikawa angavu tena.

Baba akashusha pumzi. "Umeona, Nives? Una roho mbaya tu."

"Kwa nini inageuka?" nikamuuliza Gildo.

"Plastiki mbili hizo hazishikani kabisa. Zikiwa baridi zinapitisha mwanga sawasawa, huoni mpaka. Zikipata joto, kila moja inaupitisha kivyake. Jambo dogo."

"Muuza miwani huzipasha moto mbele ya mteja. Itageuka nyeupe mkononi mwake, na ndani kuna jina la baba. Ulijua?"

"Inarudi, nimekwambia!"

"Sijauliza kama inarudi. Ulijua?"

Gildo akaivuta keki, akaanza kuikata vipande vidogo vidogo, ingawa hakuna aliyeomba.

Baba alikisikiliza kisu kikigonga sahani. Kisha akapapasa meza, akaupata muhuri, akaurudisha sandukuni.

"Mwambie binti yangu aje kula Jumapili," alimwambia Gildo. "Aje peke yake."